Mwizi Kaiba Hadi Mkwaruzo

Jumamosi usiku nilimaliza saa mbili nzima nikibembeleza kioo cha mbele kikae kwenye bodi ya modeli ya Porsche 956. Skeli 1/24, yaani dogo mara 24 kuliko gari halisi; resini, plastiki inayomwagwa ikiwa maji kisha ikaganda; gari la mbio za Le Mans, Ufaransa. Kioo kilichokuja na seti kilikuwa na ukungu kama kimefutwa kwa mafuta ya taa, nikachukua cha akiba kilichobaki kwenye seti nyingine ya gari hilo hilo, ya mtengenezaji huyo huyo, niliyoijenga miaka mingi nyuma. Kikagoma. Ukikibana kushoto, kulia kinanyanyuka. Ukikibana pande zote mbili, katikati kinavimba. Nikajua bodi imepinda, mambo ya kawaida ya resini, nikaitia kwenye maji ya moto, nikainyoosha, nikaipoza. Wapi! Kioo bado kimezidi, na sasa vidole vimeungua.

Ndipo nikaishusha ile ya zamani kutoka kabatini nikazilaza sambamba, pua kwa pua. Mkia wa hii mpya uliishia karibu milimita mbili kabla ya mkia wa mwenzake.

Nikazigeuza matumbo juu. Ile ya zamani, chini ya kizingiti cha mlango wa kushoto, ina mkwaruzo mfupi wa tupa. Naujua mkwaruzo huo vizuri, kwa sababu mtengenezaji mwenyewe aliwahi kunisimulia kwamba tupa ilimteleza akimalizia masta, yaani umbo la kwanza linalonakiliwa, akaona auache, kwani gari likisimama hauonekani. Hii mpya nayo inao. Umefifia kama alama ya chanjo, lakini upo, na kiputo kimekaa juu yake. Ndani ya paa, mahali lilipokuwa jina la mtengenezaji, pamepigwa msasa mpaka pakang'aa. Yaani mwizi kafuta jina la mwenye mali, akasahau kufuta kosa lake.

Kwa hiyo, ndiyo, nilinunua mali ya wizi. Muuzaji nilimwamini, bei ilipaswa kunishtua, na sikushtuka kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kufikiria rangi. Aibu hiyo naibeba. Lakini nikisema hivi mbele ya wapenzi wenzangu wa modeli, nusu yao wananicheka, na nusu ya waliobaki wananiambia ile sentensi ninayoichukia kuliko zote: "Kwani resini yenyewe bei gani? Makopo mawili, unachanganya, dakika tano imeganda."

Haya. Tuchanganye.

Kabla hujafungua hayo makopo mawili, katafute picha ya kukuongoza kuchonga: ya upande wa kulia wa gari la mbio lililomaliza nafasi ya 17. Nakutakia heri. Wapiga picha walikuwa wakifuata magari yaliyoongoza. La kumi na saba lilipigwa mara moja kwa bahati mbaya, nusu yake limefichwa na mtu aliyebeba tairi. Ukilipata, angalia tarehe. Gari la mazoezi ya Alhamisi si gari la mbio za Jumamosi. Katikati ya siku hizo mbili bawa limebadilishwa, kioo cha pembeni kimehamishwa, taa ndogo ya kumulika namba ya mlangoni imeongezwa kwa ajili ya usiku, na mdhamini mmoja amelipa dakika za mwisho, stika yake ikabandikwa upogoupogo. Mtengenezaji mdogo anayejiheshimu atataka kujua huo upogo ni wa digrii ngapi. Nimewahi kumsikia mmoja akibishana kuhusu idadi ya ribiti kwenye mfuniko wa mafuta kwa ukali ambao watu wengine hutumia kwenye mirathi.

Halafu ndiyo anaanza masta. Anachonga, anajaza, anapiga msasa, anapulizia praima, rangi ya kwanza ya chini, na praima haina urafiki na mtu: inamwonyesha kwamba bega la kushoto limelala kuliko la kulia. Anarudia. Inamwonyesha kingine. Anarudia. Miezi inakwenda hivyo, na mpaka hapo hajauza hata skrubu. Masta ikikubali, anakaa kupanga kalibu: mshono upite wapi usiharibu mstari wa mlango, hewa itokee wapi isinase kwenye ncha ya bawa. Anamwaga silikoni, mpira wa maji unaoganda kuwa kalibu, anainyonya hewa kwenye chombo cha ombwe, anasubiri. Resini yenyewe anaitia kwenye sufuria ya shinikizo ili viputo vibanwe visionekane. Bodi ikitoka anaimulika kwa taa, yenye kasoro anaitupa. Na kalibu ya silikoni haina maisha: nakala ishirini, thelathini, kona nyembamba zinaanza kunyofoka, inabidi amwage nyingine. Bado vipande vyembamba vya chuma vinavyochongwa kwa tindikali, bado rimu za alumini za kukereza, bado kuchapisha stika za maji. Vyote hivyo vinalipiwa kabla ya seti ya kwanza kutoka mlangoni.

Mchakachuaji anaingia hapo mwisho. Ananunua seti moja. Moja. Anaimwagia silikoni, na kufikia Jumapili anauza.

Hiyo ndiyo "bei ya resini" mnayoizungumzia. Mnalinganisha bei ya mtu aliyepika na ya mtu aliyenawa akaketi, halafu mnasema wa pili ana roho nzuri.

Na hata hicho alichokiiba hawezi kukiiba sawasawa. Silikoni husinyaa kidogo, resini nayo husinyaa kidogo ikiganda. Fundi wa kwanza analijua hilo na anaweza kulifidia kwenye masta. Anayenakili nakala anasinyaza kilichokwisha kusinyaa. Gari la mita 4.8 kwa skeli ya 1/24 ni milimita 200. Ikipotea asilimia moja, ni milimita mbili, na kwenye gari halisi hizo ni karibu sentimita tano. Wahandisi wa Porsche wangefurahi sana kujua kwamba gari lao lingeweza kufupishwa kiasi hicho kwa kulimwagia mpira tu.

Najua mtaniambia: kama ni 956, si viwanda vikubwa vinazo? Vinazo, na haishangazi. Mwaka 1982 magari hayo yalishika nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu Le Mans yakiwa na namba 1, 2 na 3 milangoni, kwa mpangilio huo huo. Hadithi kama hiyo haihitaji mtu wa kuiuza. Kiwanda kinachokata kalibu ya chuma kinatakiwa kuuza maelfu kwa maelfu ndipo gharama irudi, kwa hiyo kinakwenda kwa mshindi, na kila baada ya miaka michache kinakwenda tena kwa mshindi yule yule akiwa na rangi nyingine.

Sasa niambieni ni kiwanda gani kitakaa kikao, na maofisa wake na chai yao, kuijadili Life L190. Mwaka 1990 gari hilo lilipelekwa kwenye mashindano 14 ya Formula One na halikufuzu kuanza hata moja. Au WM P88, iliyopimwa kilomita 405 kwa saa kwenye barabara ndefu iliyonyooka ya Le Mans mwaka 1988, kisha ikaharibika, haikumaliza mbio. Mimi nayapenda magari hayo kuliko washindi wote, na kama kuna mtu atakayekubali kuyapa miezi sita ya usiku wake, ni yule wa chumba cha nyuma mwenye sufuria ya shinikizo. Anayatengeneza kwa sababu anataka kuyaona mezani kwake yeye mwenyewe, akijua wateja wake anaweza kuwataja kwa majina. Hata magari ya Safari Rally, ambayo hakuna atakayeyaita ya pembeni, mara nyingi unauziwa toleo la mbio za Monte Carlo; ukitaka ngao ya vyuma mbele na taa zilizopandishwa juu ya madigadi, unarudi kwa watu hao hao wa resini wakuuzie vipande vya kugeuzia.

Modeli zilizokwisha kupakwa rangi kiwandani zina soko lake pia, lakini hizo ni za wanaotaka kupanga kabati. Hatugombanii mteja mmoja.

Kuna mahali nalazimika kulegeza, na nalegeza kwa shingo upande. Seti nyingi za Kifaransa za 1/43, za akina Starter na Provence Moulage, hazitengenezwi tena. Kalibu zimechanika, masta haijulikani ilipo, na wanaozishikilia wanasubiri mnada. Mtu akimwagia silikoni seti ya namna hiyo ili ajitengenezee moja ya kwake, nitanyamaza. Akitengeneza kumi za kuuza, nitaanza kumuuliza maswali.

Pia watengenezaji wadogo si malaika. Karatasi ya maelekezo ni picha moja yenye giza. Stika zinafika zimezeeka, ukizitia majini zinavunjika vipande kama maganda ya yai. "Wiki mbili" zinakuwa miezi minane, barua hazijibiwi, halafu siku moja kifurushi kinatua bila neno. Nimewahi kupokea seti ya Tyrrell P34 yenye magurudumu matano. Gari linalojulikana dunia nzima kwa kuwa na magurudumu sita, na bwana mkubwa kahesabu matano. Nilikasirika, nikamwandikia, akanitumia la sita ndani ya bahasha ya kawaida likiwa limefungwa kwa karatasi ya chooni. Ndiyo watu wenyewe hao. Mchakachuaji, kwa taarifa yenu, huwa anahesabu vizuri.

Na wanaosema printa za 3D zimeumaliza mjadala huu: faili nalo linaibwa, haraka zaidi, tena halisinyai.

Kinachoniuma hasa si milimita mbili. Niliwahi kuvuta vumbi la resini bila barakoa kwa ujinga wa ujana, nikakohoa wiki nzima, na huyo mtengenezaji ndiye aliyenigombeza mpaka nikajifunza kupiga msasa kwa maji. Ameshanijibu maswali ya kijinga usiku wa manane. Aliniambia habari ya ule mkwaruzo kama mtu anavyokusimulia kovu lake. Halafu mimi nikaenda kununua kovu hilo hilo kwa mtu mwingine, kwa punguzo, na nikamshukuru muuzaji kwa kufunga vizuri.

Jumapili nilimwandikia mtengenezaji. Nikampigia picha bodi zote mbili, vizingiti vikiwa juu, nikamwambia ukweli kwamba nilinunua mwenyewe na sikulazimishwa na mtu. Siku mbili kimya. Siku ya tatu akajibu: "Mkwaruzo ni wangu, ndugu. Kiputo si changu." Chini yake akaongeza kwamba kalibu yake ya 956 ilishachanika tangu mwaka jana, masta bado ipo kabatini, na alikuwa amepanga kumwaga kalibu mpya akimaliza kazi aliyonayo mezani. Sasa anafikiria.

Nimemwomba anitangulize kwenye orodha kama akiamua. Bodi ya wizi nimeitia kwenye boksi la majaribio ya rangi. Kioo nimekirudisha kwenye mfuko wake.