Mnaocheka "Nyumba Hii Haiuzwi"

Juzi kuna mtu katupia picha kwenye grupu letu la WhatsApp. Ukuta wa nyumba ya uswahilini, rangi nyekundu, herufi zimepinda: NYUMBA HII HAIUZWI. OGOPA MATAPELI. Emoji za kucheka zikajipanga foleni. Mmoja akauliza, "Kwani nani aliitaka?"

Aliitaka mtu, ndugu yangu. Hakuna anayenunua kopo la rangi kwa ajili ya kujichafulia ukuta. Maandishi yale huja baada ya dalali kuonekana uani na wageni wanaopima kwa macho na kuuliza kama shimo la choo ni la peke yenu. Mama mmoja jirani yetu hapa Tandika, Dar es Salaam, ndivyo alivyopata habari. Alikuwa anakaanga maandazi. Mgeni akamwambia, kwa upole kabisa, ajiandae kuhama mwisho wa mwezi kwa sababu "baba ameshapokea advansi". Nyumba ile matofali yake alifyatua yeye na mumewe, mtoto mgongoni.

Kisa kama hiki kikisimuliwa, wote tunamrukia mume. Sawa, mume ni tapeli, tumekubaliana. Mimi leo ninamtaka mnunuzi. Yule anayefika na fedha taslimu kwenye mfuko wa rambo, anaona kanga kwenye kamba, viatu vya shule mlangoni, sufuria jikoni, halafu anaambiwa "mimi sina mke" na anaitikia "haya mzee, tusaini wapi?" Kesho kutwa yuko baraza la ardhi analia eti naye ametapeliwa, hakujua.

Hakujua kwa sababu hakuuliza, na kuuliza ni wajibu wake kisheria. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inakataza mume au mke kuuza, kugawa, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ipo zaidi ya miaka 50! Ikaja Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 161, ikamgeukia mnunuzi mwenyewe: aulize kama mwenza wa muuzaji ameridhia. Muuzaji akimdanganya makusudi, mwenza ambaye hakuridhia anaweza kudai mauzo yatenguliwe. Benki nazo zimebanwa kwenye rehani, zinatakiwa zichukue hatua za kujua kama mkopaji ana mwenza. Lakini kiapo cha "sijaoa" kilichogongwa muhuri dakika tano kabla ya kusaini, tena na mtu mwenye pete kidoleni, kinawaridhisha watu wazima kabisa.

"Lakini jina la mke halimo kwenye karatasi." Hili nalo nimelichoka. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, kwenye shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilishasema kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. (Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na mgawo, maana mahakama iliona fedha alizopewa na mumewe za kuanzia biashara alizitapanya. Wenzake wengi ndio waliokuja kuvuna.) Na hicho kifungu cha 161 kinatambua haki ya mwenza aliyeitumikia ardhi kwa jasho lake hata kama hati ni ya mwenzake.

Mtaniambia mbona mama asiende kuweka zuio kwa Msajili wa Hati badala ya kuhangaika na brashi. Aende na nini? Hati ipo? Nyumba yenyewe iko kwenye eneo lisilopimwa, karatasi pekee ni ya mauziano ya zamani yenye saini ya balozi wa nyumba kumi aliyeshafariki. Masijala yake ni ule ukuta. Unasomwa na dalali, bodaboda, mwenyekiti, na mnunuzi kabla hajatoa hata mia. Mnichekee na mimi, lakini kwa mtu wa namna hiyo sijaona njia ya haraka inayoshinda rangi.

Haya, nakubali, wapo wanawake wanaosaini mkopo wa benki pamoja na mume, wanakula hela pamoja, mnada ukitangazwa ndipo wanakumbuka kwamba hawakushirikishwa. Mahakama zimewaona na zimewakatalia. Wapunguze.

 

Karatasi nyingi za mauziano nilizoziona mtaani zina mstari wa muuzaji, wa mnunuzi, mashahidi kila upande, mwenyekiti, muhuri, na zikiambatana na ile "asilimia kumi ya ofisi" ambayo wote tunajua inavyodaiwa. Mstari wa mwenza haumo. Kuuongeza hakuhitaji Bunge wala bajeti, na akisemwa yuko kijijini, simu zipo, apigiwe, aje asaini mwenyewe. Wenyeviti wawili mnaonisoma hapa, ninawajua, mnaweza kuanza Jumatatu.