Kifaru kipige nyuma ya mlima? Leza, mota na hewa ya Bonde la Ufa

Wapo wanaosema kifaru kinachopiga kile tu kinachokiona kimeshapitwa na wakati. Gari la deraya la kesho, kwa maoni yao, libebe kombora la kuongozwa na lipige shabaha iliyo nyuma ya kilima, kilomita nane au zaidi, bila kungoja mizinga ya brigedi. Wengine wanajibu kwamba kazi hiyo ina wenyewe: mizinga mikubwa, mota (mzinga mfupi unaorusha bomu juu likashuka kwa kupinda), na sasa droni. Mimi naegemea hao wa pili, ila hoja ya kwanza si ya kupuuzwa.

Ardhi yenyewe inaitetea. Mzinga wa T-72, kifaru cha Kisovieti, huinuka takriban digrii 14, wa Abrams ya Marekani 20, na risasi yake huenda karibu kwa mstari ulionyooka. Adui akijikinga ng'ambo ya ukingo kama wa kreta ya Menengai, au chini ya miteremko ya Nandi, huko Kenya, kifaru hakimpati hata akiwa kilomita tatu tu. Kombora la LAHAT la Israeli lina uzito wa kilo 13, hupita kwenye mtutu wa milimita 105 au 120, hufika kilomita 8 na kushukia paa la gari, ambako deraya ni nyembamba. Pereh, gari la deraya, pia la Israeli, ni kioja zaidi: ukilitazama ni kifaru cha zamani, kumbe mtutu ni wa bandia na ndani mna makombora 12 ya Spike NLOS, ya kupiga shabaha isiyoonekana.

Shida inaanzia humo humo ndani. Mtambo wa kujipakia wa T-72 una nafasi 22. Kila kombora likiingia, risasi moja ya kawaida inabaki nje, na kifaru kikikutana na adui ana kwa ana ni hiyo ya kawaida itakayohitajika. Marekani ilionja haya kwa Sheridan, kifaru chepesi cha miaka ya 1960 chenye mtutu wa milimita 152: kikipiga risasi ya kawaida, mshtuko uliharibu vifaa vya kuongozea kombora la Shillelagh. Baadaye ilitengeneza kombora la masafa ya kati kwa ajili ya Abrams. Mpango ukafutwa 2009 pamoja na mradi mkubwa uliolizaa.

Lakini kinachoamua ni jicho. Kombora la leza, kama LAHAT, hufuata mwale unaorudi kutoka kwenye shabaha, kwa hiyo linahitaji mtu au droni wa kuimulika. Hatua ni hizi: viwianishi (namba za mahali shabaha ilipo) vinatumwa, namba ya siri ya mwale inawekwa sawa kwenye kombora na kwenye kimulikaji, kombora linafyatuliwa, kisha mwale unashikiliwa palepale sekunde za mwisho bila kutikisika. Namba zikitofautiana, kombora halioni kitu. Mwale ukipita juu ya shabaha, kombora linafuata kichaka cha nyuma. Wingu likiwa chini, kama yale ya Molo asubuhi au ya Kericho alasiri, kombora linachomoza limeshachelewa kujirekebisha. Hapo bei yote imeenda na maji.

Kuongoza kwa GPS, yaani kwa setilaiti, hakujali mawingu, ila vita vya Ukraine vimeonyesha udhaifu wake: Excalibur, bomu la mzinga la milimita 155 linaloongozwa kwa GPS na lililosifiwa sana tangu 2007, lilipoteza shabaha mara kwa mara Warusi walipovuruga mawimbi. Tena GPS hulenga mahali, hailengi gari. Kombora likiruka sekunde 30, gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa limeshasogea mita 330 hivi.

Ndiyo maana naona mota ya milimita 120 ndani ya gari la deraya, kama NEMO ya Finland inayofika kilomita 10, ni ununuzi wenye akili zaidi. Inapiga kwa kupinda, mabomu yake mengi ni ya bei nafuu, na machache ya kuongozwa yanawekwa akiba kwa shabaha inayostahili.

Hata hivyo bomu la kawaida linadai hesabu. Kwenye mita 2,000, kama Gilgil, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 18 kuliko pwani, kwa hiyo bomu huenda mbali zaidi. Kisumu ni kama asilimia 10. Kikosi kilichozoea kufanya mazoezi Gilgil kikipelekwa pwani ya Somalia na kupiga kwa mazoea, bila vipimo vipya vya hewa, mabomu yatadondoka kabla ya shabaha, na walio mbele ni wenzao. Kombora la kuongozwa husamehe kosa hilo. Huo ndio ushindi wake wa kweli katika mjadala huu.

Vifaru vya Vickers Mk 3 vya Kenya vina mtutu wa milimita 105, kwa hiyo njia ya LAHAT haijafungwa. Ila Al-Shabaab hawana vifaru. Wana vikundi vidogo na magari yanayohama upesi. Fedha zikiwa za kitu kimoja, zianzie kwa waangalizi wa mbele, wanaoiona shabaha na kuelekeza mapigo, droni zao, redio zisizovurugika kirahisi na kituo cha kupima hewa. Makombora yanaweza kungoja bajeti nyingine.