Texas ilipohalalisha ngumi za chuma: neno lilifutwa, pengo likabaki

Kifaa chenyewe ni cha plastiki ngumu, kina umbo la kichwa cha paka na kinatosha kiganjani. Macho mawili ya paka ni matundu ya kupitisha vidole. Masikio yamechongoka, na mtu akikunja mkono yanabaki nje, mbele ya ngumi. Huuzwa kwa dola chache na hubebwa pamoja na funguo za gari, zaidi na wanawake wanaorudi usiku kutoka kazini au chuoni. Hadi tarehe 31 Agosti 2019, aliyekutwa nacho Texas alikabiliwa na kosa la daraja A: jela hadi mwaka 1 na faini hadi dola 4,000. Mwanamke huyohuyo, akiwa na leseni, angeweza kubeba bastola iliyojaa risasi kwenye mkoba wake bila kuvunja sheria.

Kwa macho ya sheria, paka huyo alikuwa ngumi ya chuma. Ngumi ya chuma ya kawaida ni pete 4 zilizoungana, na chini yake kuna kikalio kinachoegemea kiganja. Kazi yake ni kukusanya nguvu ya pigo kwenye ukingo mwembamba, na wakati huohuo kukinga mifupa ya mkono wa mpigaji, ambayo katika ngumi tupu huvunjika kwa urahisi. Anayelipa ni anayepigwa: taya, shavu, mfupa unaozunguka jicho. Texas ilizitaja ngumi hizi katika sheria yake ya silaha ya mwaka 1871, kwenye orodha moja na majambia, mikuki na fimbo zenye upanga ndani.

Miaka 148 baadaye, mbunge wa El Paso, Joe Moody, alipeleka muswada HB 446. Gavana Greg Abbott aliusaini, ukaanza kutumika tarehe 1 Septemba 2019. Ulifanya mambo mawili: uliondoa ngumi za chuma kwenye orodha ya silaha ambazo ni kosa kumiliki, kutengeneza, kusafirisha, kukarabati au kuuza, na ukaondoa kosa la kutembea na rungu.

Hoja yenye uzito zaidi upande wa kuhalalisha inahusu namna kosa lenyewe lilivyoandikwa. Mwendesha mashtaka hakulazimika kuthibitisha kwamba mshtakiwa alitaka kumdhuru mtu. Ilitosha kuonyesha kwamba kifaa kina pete au vikinga vya vidole vya kitu kigumu na kwamba kimebuniwa kwa ajili ya kujeruhi vibaya kwa ngumi. Sheria ya aina hii huhukumu umbo la kitu. Mhalifu anayejua anachofanya hukitupa akiona polisi. Anayenaswa ni yule ambaye hakuwaza kwamba funguo zake ni silaha.

New York ndiko ubaya huu ulikoonekana kwa urefu. Mwaka 1958 jimbo hilo lilipiga marufuku kisu ambacho ubapa wake hutoka kwa uzito wake wenyewe au kwa kurushwa mkono, kisha ukakazika ukiwa wazi. Vilivyolengwa ni visu vya aina ya vile vilivyobebwa na askari wa miavuli wa Ujerumani, ambavyo ubapa huteleza na kutoka mbele ya mpini. Lakini polisi walipima kwa kifundo cha mkono tu: askari anashika mpini, anauchapa hewani, na kisu kikifunguka na kukazika kikiwa wazi, mwenye nacho anapandishwa gari.

Sasa chukua kisu cha kawaida cha kukunja, kile cha fundi. Ubapa wake huzunguka kwenye skrubu moja, na kinachouzuia usifunguke ovyo ni msuguano pamoja na springi au kigololi kidogo. Kikiwa kipya, hata uchape mkono mpaka uchoke hakifunguki. Baada ya miezi ya kukata maboksi na kamba, skrubu inalegea, washa zinalika, mafuta yanapenya. Kisu kilichokuwa halali kaunta kimekuwa kosa la jinai mfukoni, na mwenyewe hajakigeuza chochote. Ongeza kwamba mikono hailingani: askari mwenye mkono mzito anaweza kukifungua mara ya nne, wakati mwenye kisu hajawahi kukifungua hivyo maisha yake yote. Machi 2019 jaji wa shirikisho Paul Crotty alikubali kwamba kipimo hicho hakimpi raia njia ya kujua kama anavunja sheria. Waliokamatwa walikuwa maseremala, mafundi umeme, watu wa maghalani, na wengi wao Weusi na Walatino. Aliyekuwa na hatia ya zamani aliweza kupandishiwa shitaka hadi kifungo cha miaka 7. Gavana Andrew Cuomo, ambaye alikuwa ameyakataa mabadiliko hayo zaidi ya mara moja, alisaini kufutwa kwa marufuku hiyo tarehe 30 Mei 2019. Sioni namna ya kuitetea sheria ile. Ilifunga watu kwa sababu ya skrubu iliyolegea.

Lakini hoja ya kisu haihamii moja kwa moja kwenye ngumi ya chuma, na hapa wapinzani wana haki ya kusikilizwa. Kisu kina kazi. Kwetu panga lina shamba na rungu lina mfugaji. Mtu akikutwa nalo njiani, swali la kwanza ni anakwenda wapi. Ngumi ya chuma haikati, haipasui wala haifungui kitu. Ikitolewa mfukoni, imetolewa kwa ajili ya uso wa mtu. Tena haina mlio, na ya plastiki haishtui mashine ya kukagua chuma mlangoni.

Uingereza ilifuata mantiki hiyo hadi mwisho. Uuzaji wa ngumi za chuma ulikatazwa huko tangu 1988, na sheria ya mwaka 2019, mwaka uleule wa Texas, ikaharamisha hata kuwa nazo nyumbani. Serikali ilifungua dirisha la kuzisalimisha kwa fidia kuanzia Desemba 2020 hadi Machi 2021, na katazo likaanza Julai 2021. Ni njia iliyonyooka, ila ina mahitaji yake: iliacha mlango kwa vitu vya kale vilivyozidi miaka 100 na kwa makumbusho, na imelazimika kuongezewa orodha kila wauzaji wanapobuni umbo jipya. Visu vya kutisha vinavyoitwa vya mtindo wa zombi vilifuata Septemba 2024, panga za ninja Agosti 2025. Anayepiga marufuku umbo atalifukuza umbo daima.

Kuna pia suala la mipaka, ambalo wauzaji wa mtandaoni hawalisemi kwa sauti. Ngumi iliyonunuliwa Houston ni halali Houston. California inakataza za chuma, na hata za plastiki ngumu na mbao. Michigan adhabu ya kuwa na za chuma inafika miaka 5. Dereva wa lori anayetoka Dallas kwenda Los Angeles, na madereva kutoka Afrika Mashariki kwenye barabara hizo si wachache, anapaswa kuvua kitu hicho kwenye funguo kabla ya safari, si mpakani. Kwenye ndege kinakubaliwa ndani ya sanduku linalokabidhiwa tu, kamwe si kwenye mkoba wa mkononi.

Kwa maoni yangu Texas ilikuwa sahihi kuacha kumfunga mtu kwa kumiliki, lakini ilifanya kazi nusu, na ubaya ni kwamba ilishajua kuifanya nzima. Mwaka 2017 ilipotaka kuhalalisha ubebaji wa visu virefu, muswada HB 1935 ulikuwa unasubiri kura wakati, tarehe 1 Mei, mtu mwenye kisu kikubwa cha kuwindia alipowachoma watu 4 katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin na kumuua mwanafunzi 1. Wabunge hawakuutupa. Waliurekebisha: kisu chenye ubapa unaozidi inchi 5.5, yaani kama sentimita 14, kikawa halali kwa mtu mzima lakini si shuleni, mahakamani, hospitalini, kwenye nyumba za ibada, kwenye baa wala viwanjani wakati wa mechi. Aliye chini ya miaka 18 akawekewa mipaka yake.

Ngumi za chuma hazikupewa mpangilio huo. Kifungu cha 46.03 cha sheria ya jinai ya Texas, kinachotaja maeneo yaliyokatazwa kinasema bunduki, kisu kirefu, rungu, na silaha zilizomo kwenye orodha ya marufuku. Zilipotolewa kwenye orodha, zikatoka na hapa. Kifungu cha 46.06 kinamzuia muuzaji asimpe mtoto wa chini ya miaka 18 bunduki, rungu au kisu kirefu. Ngumi za chuma hazitajwi kwa jina. Kijana wa miaka 14 akiuziwa seti ya pete 4 za shaba, mwendesha mashtaka anabaki kujenga hoja kwamba ile nayo ni rungu, na wakili wa muuzaji atauliza, kwa haki kabisa, kwa nini basi Bunge lilikuwa na maneno mawili kwa kitu kimoja kwa miaka yote hiyo.

Dawa haihitaji kurudisha marufuku. Inatosha kuandika "ngumi za chuma" baada ya neno "rungu" katika vifungu hivyo viwili, na kumwachia mtu mzima paka wake wa plastiki kwenye funguo.