Bunduki ndogo kuvaa koti la 303

Mzee alikuja karakana na bahasha ya kaki, akaipangusa vumbi la randa kwenye meza yangu kabla ya kuiweka. Ndani mlikuwa na picha moja, pembe imekatika: kijana mwembamba, kaptula, kofia ya ukingo mpana, mkononi bunduki ndefu ambayo mti wake umefunika mtutu karibu wote hadi mdomoni.

"Huyu ni baba. Burma, mwaka wa 1944. Nataka yangu ifanane na yake."

Yake ni Brno kuukuu ya .22 (namba hiyo ni upana wa risasi kwa inchi), kazi ya Chekoslovakia, aliyoinunua enzi zake za kulima Laikipia. Cheti anacho, na alinionyesha kabla sijauliza. Ya baba yake ni Lee-Enfield, bunduki ya askari wa Uingereza, ile ambayo wazee wetu wote waliijua kama 303. Mimi ni seremala wa kando ya Ngong Road. Natengeneza vitanda, meza za kulia, na makochi yanayonyeshewa mvua mkinunua mkachelewa kutuma pikapu. Bunduki sikuwahi kuigusa.

Nilikubali, na tangu nikubali nimeulizwa na marafiki wawili watatu kama nina akili timamu. Kwa hiyo naandika.

Kwanza hoja ile ya "kuigiza". Rafiki mmoja aliniambia .22 yenye sura ya 303 ni kama Vitz iliyobandikwa nembo ya Mercedes. Anakosea, na nina sababu. Majeshi yenyewe ndiyo yaliyoanza mchezo huu. Waingereza walichukua Lee-Enfield zilizochoka, wakaziwekea mitutu ya .22 ili kuruta ajifunze kulenga kwa risasi za bei nafuu, kwenye uwanja mfupi, bila bega kuvimba. Baadaye wakaunda nyingine mpya kabisa kwa kazi hiyo, wakaiita Namba 8. Marekani walikuwa na Springfield ya 1922. Wajerumani wakatengeneza zao miaka ya 1930, zimefanana na Mauser ya askari kwa mshiko na uzito. Maana yake, bunduki ndogo kuvaa koti la kubwa si ulaghai uliozuka juzi. Ina ukoo.

Na tofauti ya ndani ni kubwa. Risasi ya .22 haina kile kifungo cha fataki, yaani cha kuwashia baruti, katikati ya kitako cha ganda. Fataki imo ndani ya ukingo wa ganda, na pini huja ikaupiga ukingo huo. Ili ukingo upondeke, ganda lazima liwe jembamba, na ganda jembamba halihimili baruti ya nguvu. Ndiyo sababu risasi hizi, ambazo aina yake maarufu imekuwepo tangu 1887, zimebaki ndogo mpaka leo: kipande cha risasi chenye gramu mbili na nusu hivi, wakati ya 303 ina kama kumi na moja na hutoka kwa mwendo zaidi ya mara mbili. Lakini mtu asije akaniambia ni kitu cha watoto. Hicho kipande kinaweza kwenda zaidi ya kilomita moja, na kikimkuta mtu njiani hakimuulizi ni cha ukubwa gani.

Sasa kazi yenyewe. Masharti yangu kwa mzee yalikuwa mafupi: chuma hakilali kwangu hata usiku mmoja. Bunduki ilikaa kwa muuzaji mwenye leseni, na mimi nilikwenda huko na patasi zangu Jumamosi tatu, chumba cha nyuma, muuzaji mwenyewe amesimama mlangoni. Sikugusa mtutu. Sikugusa kifyatulio. Namba ya bunduki imechongwa kwenye chuma, na hapo ndipo serikali inaposoma, kwa hiyo hapo si mahali pa seremala. Kwangu ulibaki mti tu.

Mti nao una maneno. Lee-Enfield zilivaa mjozi, na vita ilipobana wakatumia hata mbao nyingine, nyeupe nyeupe. Mjozi mzuri Nairobi ni bei ya ng'ombe. Nilifikiria mvule, nikaacha: mvule una chembe kama mawe ndani yake, unanoa patasi asubuhi, saa nne tayari ni kijiko. Nikaangukia kipande cha meru oak kilichokaa darini miaka sita, kimekauka mpaka ukikigonga kinalia. Rangi yake si ya mjozi, ila ukiipaka mafuta inakaribia, na nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja, jambo ambalo kwenye shingo ya bunduki ndilo la maana kuliko urembo.

Jambo ambalo sikulijua ni hili: mti wa 303 ni vipande. Kitako peke yake, mbele peke yake, na juu ya mtutu kuna kifuniko cha kukinga mkono usiungue. Brno ni mti mmoja tu kutoka bega hadi mbele. Ningeweza kuukata vipande viwili ili nifuate historia, nikaona ni upumbavu kudhoofisha kitu kizima kwa ajili ya mstari. Nikauacha mmoja, nikachora mkato wa kina kidogo mahali pale ambapo kiungo kingekuwepo. Huo ndio uongo pekee niliokubali, na bado unaniwasha.

Kulaza chuma ndani ya mti nilifundishwa na mzee wa pale dukani, fundi wa bunduki wa siku nyingi. Unawasha koroboi, unakusanya masizi yake, unayachanganya na tone la mafuta, unapaka chuma safu nyembamba. Unakibonyeza mtini, unakitoa. Palipoachwa alama nyeusi ndipo panapogusa kabla ya wakati wake. Unakwangua hapo tu, ukubwa wa punje ya mchele, unarudia. Jumamosi ya kwanza nilirudia mara arobaini na kitu, nikaacha kuhesabu. Nimefanya useremala miaka kumi na tisa, sijawahi kuutazama mti kwa karibu hivyo. Vitanda vyangu vyote, nikaona, ni vya kukisia.

Kisha mafuta ya kitani, tabaka baada ya tabaka, kila moja ikauke. Hapa nilipata aibu yangu. Jioni ya tabaka la tatu nilikunja vitambaa vya kupakia nikavitupa kwenye ndoo ya maranda, nikafunga. Jirani wa vyuma alinipigia simu saa tatu usiku: kuna moshi. Mafuta ya kitani yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa hulificha mpaka linawaka lenyewe. Tulizima kwa mitungi miwili ya maji. Kilichoungua ni ndoo na mguu wa stuli ya mteja. Siku hizi vitambaa natandaza kwenye waya kama nguo za mtoto.

Ugomvi wetu na mzee ulikuja mwishoni. Aliutazama mti unang'aa, akakunja uso. "Hii imetoka dukani leo. Nataka ionekane ilifika Burma."

Hila hizo nazijua. Wateja wangu wa Karen na Lavington wanalipia meza "ya kale" kila mwezi: unaichapa na mnyororo wa baiskeli, unaipaka chai ya rangi iliyokolea, juu yake maji ya siki yaliyolaza chuma, na mti unageuka mweusi kama umekaa karne nzima jikoni kwa mtu. Nalala usingizi mzuri. Meza haisemi ilikuwa wapi.

Bunduki ile inasema. Ukiipiga kovu kwenye kitako umetunga kisa cha mtu aliyeanguka bondeni Kabaw, huko Burma, na hakuna aliyeanguka nayo. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde hilo kwenye matope ya masika ya 1944, vijana wakaugua na kufa humo, na baba yake alikuwa mmoja wa waliotoka wazima. Makovu ya bunduki yake halisi yalikuwa yake. Nilimwambia mzee hivyo, kwa heshima, nikiwa nimeshika mnyororo mkononi kwa kuwa niliutoa nifikirie.

Akanyamaza. Kisha akataka kile kisahani cha shaba kwenye kitako kipigwe mhuri wa KAR, King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza. Nikakataa na hicho pia.

Na hapa niseme la nyumbani, maana halikosi kuwa ndani ya kukataa kwangu. Bibi yangu ni wa Murang'a. Kwake 303 haikuwa ya Burma. Ilikuwa ya enzi za Mau Mau, mikononi mwa keya, askari wa KAR, na mahomugadi waliozunguka kijiji kilichochimbiwa handaki, na mpaka anafariki alikuwa akisikia mlango ukigongwa kwa nguvu anasimama kwanza, ndipo anauliza ni nani. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alinyongwa Februari 1957, na kosa lililomnyongesha mahakamani Nyeri lilikuwa kupatikana na bastola. Ukitembea mjini leo unawaona wote: askari wa shaba wa Kenyatta Avenue, waliosimamishwa 1928 pamoja na mbeba mizigo wao, halafu dakika chache mbele Kimathi naye, tangu 2007, na bunduki yake. Watu wanakutania chini yao wakisubiriana kwenda kula chipsi.

Nilimweleza mzee habari za bibi. Nilidhani atakasirika. Akaniambia baba yake alirudi kutoka Burma akakuta Wazungu waliopigana vita hiyo hiyo wanapangiwa mashamba, yeye akapewa koti na nishani, na koti alilivaa mpaka viwiko vikatoka. Halafu akasema, "Kwa hiyo weka kisahani kitupu."

Ndivyo kilivyo.

Kwa hiyo msimamo wangu, kwa wanaouliza: umbo lichukue, ni la watu wote. Alama za vita usizitie, hukuwepo. Na kuna sura nyingine ambazo sitazichonga kwa pesa yoyote. Wiki moja baada ya mzee, kijana fulani alinitumia picha ya AK, bunduki ya kivita, anataka .22 yake ivae hivyo, plastiki nyeusi na magazini ya kupinda. Nchi ambayo kila wiki tunasikia mtu ameibiwa simu kwa bunduki bandia! Atakayeiona kwenye kiti cha nyuma cha gari pale Globe, mjini Nairobi, hatasimama kuuliza inatumia risasi gani, na polisi vilevile. Bunduki ya kuvuta bolti yenye mti hadi mdomoni inamkumbusha mtu babu yake. Ile nyingine inamkumbusha benki. Kijana alinijibu kwa emoji ya kucheka, sikumjibu.

Mzee aliichukua Jumamosi ya mwisho, pale pale dukani, karatasi zikiwa zimetiwa sahihi. Aliipima kwa mikono miwili, mdomo ukielekea ukutani.

"Nyepesi."

Kweli ni nyepesi. Ile ya baba yake ilikaribia kilo nne. Nilimweleza kwamba ningeweza kutoboa kitako nikatia madini ya risasi yaliyoyeyushwa, akasema magoti yake hayahitaji uzito zaidi. Akanilipa, akapunguza elfu mbili bila kuniuliza, akasema ni za ile chai ambayo hatukuipaka.

Juzi amepiga simu. Anataka singe ya kuchomeka mbele. Nimemwambia panya wa Laikipia hawastahili kufa hivyo, naye bado ananitumia picha za singe usiku.