Landrova ya zamani muiache na injini yake

Kila anaepita getini kwangu hapa Nkuhungu, Dodoma, akaona ile Landrova imekaa juu ya matofali lazima aniambie kitu kimoja, wengine hata salamu hawajamaliza, "kaka weka injini ya Toyota humo uone raha". Bodaboda kaniambia, mwalimu wa mwanangu kaniambia, jirani ambae hajawahi kumiliki hata baiskeli nae kaniambia. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwahiyo naandika yote hapa, mtu akiniuliza tena namtumia asome mwenyewe.

Gari yenyewe ni 109 Siriz Thrii, ile ndefu, petroli, injini ya cc 2,286. Niliikuta Mvumi kwa mzee mmoja, iko chini ya mti tairi zimeliwa na jua, na chini ya kiti cha abiria, kwenye kile kiboksi cha kuwekea spana, kuna nyuki. Nyuki wazima, na asali yao. Nikamuuliza mzee mbona hujawatoa, akacheka akasema "mwanangu, hao ndo walinzi wangu, bila hao watu wa skrepa wangeshaimaliza zamani". Na kweli, bodi yake karibu yote ni alminiamu na alminiamu ina bei. Waingereza walipoianza hii gari mwaka 1948 vita vilikua vimeisha juzi tu na chuma kwao kilikua cha mgao, ndo wakaamua bodi iwe alminiamu, yaani shida yao ya wakati ule ndo imeniokoa mimi, maana bodi imekaa nje miaka yote hiyo na kilichoharibika ni mikunjo tu na alama za mbuzi waliokua wanapanda juu ya bonenti.

Ila chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari yote, ni chuma, na hapo ndo watu wanapigwa. Chesisi ya Landrova ni kama boksi, ndani wazi, matope yanaingia kwenye vitundu vyake kipindi cha mvua yanabaki humo yanashika unyevu, inaoza kutokea ndani wakati nje unaona rangi safi kabisa. Ukienda kununua we achana na rangi, achana na viti, chukua nyundo ndogo lala chini gonga mwanzo mpaka mwisho usikilize. Pazima panalia ngaa, pabovu panalia kama umegonga kibuyu. Yangu ilikua mbovu krosi ya nyuma, kile chuma cha kukingama, na kipande kidogo karibu na hanga za springi, basi. Hapo ndo nashukuru ukame wetu wa Dodoma, tunaulalamikia kila mwaka lakini gari kama hii ingekaa Tanga muda huo huo ungekuta imebaki jina tu. Jua nalo lina dhambi zake lakini, raba zote zilikua zimepasuka na waya ukiukunja unakatika kama tambi mbichi, na vile ambavyo jua halikumaliza panya walimaliza.

Fundi wangu wa kuchomelea mara ya kwanza alitaka abandike bati juu ya palipooza apige rangi tumalize jioni. Nikakataa. Tukakata mpaka tukafika kwenye chuma kisafi, tukaweka plate mpya, yaani siku mbili, na unit za LUKU zilivyokua zinayeyuka nilikua sitaki hata kuangalia mita. Siku hizo nyumbani tulikua tunaongea kidogo sana.

Sasa turudi kwenye injini, maana ndo ugomvi wenyewe.

Anaesema weka Toyota ana hoja, sibishi. Injini yao ya 3L dizeli spea zake ziko kila duka, fundi yeyote anaijua, inakula mafuta kidogo. 1HZ ndo usiseme, cc elfu nne na zaidi, zile ziko kwenye Land Cruiser za serikali na mashirika tunazoita mikonga, zinapiga kazi mpaka unazionea huruma. Sawa. Lakini we jiulize ile nguvu inapita wapi ikitoka kwenye injini. Inapita kwenye gia boksi ya Siriz ambayo ilitengenezwa kwa injini ya nguvu za farasi kama 70 hivi, inaenda kwenye difu, zile gia za katikati ya ekseli. Difu langu la nyuma ni la aina ya Salisbury, hilo ni gumu halina neno, ila la mbele ni la kawaida na shafti zake ni nyembamba, ukiwa na injini nzito yenye nguvu halafu umenasa kwenye korongo umeweka four wheel na gia ndogo, kitu kitakachokatika unakijua. Basi utabadilisha na gia boksi, ukibadilisha gia boksi propela, zile shafti ndefu za kwenda kwenye difu, hazitoshi, unakata unaunga, halafu sasa gari inakimbia kuliko breki zake za dramu kwahiyo na breki utazigusa, radieta ya kwanza haitoshi, hanga za injini unakata chesisi unachomelea mpya. Ukimaliza una Toyota iliyovaa shati la Landrova, na hela uliyotumia ungenunua mkonga uliochoka ukatulia.

Kuna moja naijua iko Kizota. Mwenyewe alichongesha plate ya kuunganisha injini na gia boksi, mchongaji akakosea senta kidogo, kidogo sana, jicho halioni. Ile beringi ya mbele ya gia boksi inakufa kila baada ya miezi miwili mitatu na kila ikifa gia boksi inashuka chini. Mwaka wa pili sasa, na mwenyewe bado anasema tatizo ni beringi za Kichina.

Injini yangu mimi ilikua imeganda. Haizunguki. Tukatoa plagi tukamwaga dizeli na ATF (oili ya gia boksi za otomatiki) kwenye silinda zote nne tukaiacha wiki nzima, halafu mzee wangu fundi (huyu ni wa siku nyingi, alizifanyia kazi hizi zikiwa mpya) akachomeka hendeli pale mbele kwenye bampa, akaanza kuitikisa taratibu kulia kushoto, hatumii nguvu, anaongea tu na mimi habari za mashamba, ghafla ikakubali. Mi nikapiga kelele kama goli. Hedi tukaipeleka ikakatwa valvu, ringi mpya, gasketi, na kiasi kikubwa cha kusafisha tu, uchafu mwingi mno. Platini, zile za kukatia umeme wa plagi, unaseti pengo kama nusu milimita kasoro kidogo, unapanga waya za plagi 1-3-4-2, unamaliza. Hakuna kompyuta ya kuuliza.

Kilichonitesa ni kabureta. Ikiwaka inakata, ikiwaka inatoa moshi mweusi. Nikaagiza seti ya raba na gasketi zake kutoka Dar, duka silitaji, ikaja kitu kimefungwa vizuri kina nembo na kila kitu, raba ikavimba kwenye petroli ndani ya siku tatu. Mzee akaja akafungua akauweka mfuniko wa kabureta juu ya kioo, ukacheza. Kumbe hizi kabureta za Zenith mfuniko wake hupinda kwa joto na kukazwa ovyo, hewa inapita pasipotakiwa. Tukabandika msasa laini kwenye kioo tukausaga mfuniko taratibu mpaka ukalala, raba nikapata nyingine nzuri, basi, ikatulia. Msasa na kipande cha dirisha bovu.

Bibi yangu alikua Kongwa enzi za mpango wa karanga, ule Waingereza walioanza 1947 wakauzika 1951. Alikua anasimulia matrekta, mengine yametengenezwa kutoka kwenye vifaru vya vita, udongo wa kule ukikauka unakua kama saruji, mashine zinakufa zinasimama porini hazina wa kuzifufua. Mashine zilikua na nguvu, tatizo halikua hilo. Mi nikisikia mtu ananiambia nguvu nguvu nawaza zile mashine. Nikiharibikiwa njia ya Hombolo saa kumi jioni, nataka kitu ambacho nitakifungua mwenyewe na spana nilizonazo, na betri ikichoka nipige hendeli niondoke.

Inakula mafuta, ndio. Kilomita tano sita kwa lita, ukiwa na mguu mzito hata hizo huzipati, na kupanda kilima umebeba zabibu malori yanakupita yanakupigia honi. Kama unataka gari ya kwenda nayo kazini kila siku nunua IST, mi ninayo, ndo naendea kazini. Hii ni ya Jumamosi na ya shamba.

Halafu kadi ya gari! Kabla hujatoa hata mia hakikisha jina lililoko kwenye kadi ni la mtu aliye hai na ndo anaekuuzia. Yangu ilikua kwa jina la kaka yake mzee, marehemu, tukaingia kwenye mambo ya mirathi, vikao, saini za watoto mmoja yuko Mbeya mmoja hapokei simu. Injini ilipona kabla ya karatasi.

Wiki iliyopita nimeitoa mara ya kwanza mpaka kwenye mchanga wa mtoni, nikabonyeza kile kirungu cha njano cha four wheel, nikavuta chekundu cha gia ndogo, ikatambaa yenyewe kama kobe, mzee pembeni kanyamaza tu anasikiliza difu. Nabo ya mbele kushoto inavuja oili bado, lile tufe ambalo tairi inakatia kona limeliwa na kutu, hilo nalitafutia hela. Rangi kila mtu ananiuliza lini. Siwezi sasa hivi. Mama mkwe amekuja toka Mpwapwa, kaona bonenti limewekwa uani juu ya ngoma mbili, pana, linashika joto vizuri, kaanika mlenda wake. Nikamwambia mama nataka nilipige msasa, akasema haya baba, ukikauka.