Msimtwike BOB mzigo wa Leland

Nimechoka kusikia Leland Palmer, baba aliyemuua bintiye Laura katika tamthilia ya Marekani ya Twin Peaks, akisamehewa. Juzi tena, kijana wa nyumbani kwetu aliyemaliza misimu miwili ya kwanza ya Twin Peaks aliniambia kwa huruma kabisa: "Anko, yule mzee hana kosa, pepo ndiye aliyeua." Pepo huyo, anayemwingia Leland, ndiye BOB. Kijana akainuka kwenda kula, kwake kesi imefungwa. Kwangu haijafungwa hata kidogo, na kwa kuwa jibu la nani alimuua Laura liko hadharani tangu 1990, sitaficha kitu hapa.

Wengi wetu hoja ya pepo tunaipokea haraka mno. Tumekulia kwenye habari za kupagawa, tumeona watu wakipungwa, na kila tukisoma habari za mahakamani tunakutana na mshtakiwa anayesema shetani alimpitia. Mimi sikatai kwamba majini yapo. Lakini dini hiyo hiyo inayonifundisha kuwa yapo inanifundisha pia, katika Surat Ibrahim aya ya 22, kwamba Siku ya Kiyama Shetani mwenyewe atasema hakuwa na mamlaka juu yetu. Alituita tu, nasi tukaitika. Sasa Leland aliitika vipi? Hilo ndilo swali, na David Lynch, mwongozaji wa tamthilia, alilijibu kwa picha.

Rudini kwenye kipindi cha 10 Novemba 1990, alichokiongoza Lynch mwenyewe. Sarah, mke wa Leland, anatambaa kwenye ngazi, hana nguvu hata ya kusimama. Santuri imekwisha, sindano inazunguka ikikwaruza. Leland yuko mbele ya kioo, anaiweka tai yake sawa, na kwenye kioo hicho uso unaomtazama ni wa BOB. Kila mtu anaukumbuka uso ule na zile nywele ndefu. Mimi naikumbuka tai, na zaidi ya tai naikumbuka mikono: Leland anavaa glavu. Pepo ana haja gani ya kuficha alama za vidole? Anayevaa glavu ni wakili anayejua polisi wanatafuta nini, na dakika chache baadaye anamuua Maddy, binamu yake Laura, mgeni wa nyumba yake.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba tamthilia yenyewe iliwapa watu mwanya. Kituo cha ABC kilishinikiza muuaji atajwe, wakati Lynch na Mark Frost, walioiunda tamthilia, walitaka fumbo lile liendelee. Alipotajwa, hadithi ikaharakishwa. Katika kipindi cha 1 Desemba BOB anamtoka, Leland anakufa mikononi mwa Cooper, mpelelezi wa FBI, huku akielekezwa kwenye nuru, na Ray Wise anamwigiza vizuri kiasi kwamba hata mimi machozi yalinilenga. Kipindi kilichofuata ni matanga, na matangani wazee wawili ndugu wanagombana ili tucheke. Hapo nakasirika hadi leo. Sarah amepoteza mtoto na mume, naye anaachwa kando.

Lakini hata katika kipindi kile cha kifo kuna mazungumzo ya msituni ambayo watetezi wa Leland huyaruka. Sherifu Truman anasema ni vigumu kuamini habari za pepo. Cooper anamuuliza kama ni rahisi zaidi kuamini kwamba baba anaweza kumfanyia hivyo mwanawe wa kumzaa. Truman hana la kusema zaidi ya hapana. Albert, mwenzake Cooper wa FBI, naye anawaza kwamba pengine BOB ni jina tu la uovu ambao wanaume wanautenda. Waandishi waliliweka jambo hili mezani wazi kabisa. Sisi ndio tunaochagua pepo, kwa sababu pepo hana jirani, hana kazi ya kuheshimika, na hatutakutana naye kesho msikitini au kanisani.

Ndiyo maana filamu ya 1992, Fire Walk with Me, ni ya lazima. Inatuonyesha siku saba za mwisho za Laura, na tunaelewa kwamba alianza kuingiliwa akiwa na miaka 12. Tazameni meza ya chakula. Leland anamwuliza Laura kama amenawa, anaukamata mkono wake, anachungulia uchafu chini ya kucha. Sarah anamwambia aache, binti hapendi hivyo. Leland anamjibu mkewe: amejuaje anachopenda? Pale hakuna BOB, kioo wala nywele ndefu. Ni baba mwenye suti katika nyumba yake, mama anayeona kitu na kunyamazishwa, na msichana anayelia. Sijaona tamthilia ya mapepo iliyoonyesha jambo hili kwa ukweli kama huo.

Na mji mzima ulikuwa unajua. Bobby, mpenzi wake Laura, alilipayuka mazishini, kwamba wote waliona Laura ana matatizo na hakuna aliyefanya kitu. Watu wakamwona mkorofi.

Tamthilia ya True Detective ya 2014 ilikwenda njia ya wazi zaidi: ilituzungushia pembe na mizimu ya Louisiana, mwishoni tukamkuta mtu. Waliolalamika kwamba walidanganywa sikuwaelewa.

Kwa hiyo, kijana wangu na wengine wote mnaoianza sasa: msivuke moja kwa moja kutoka msimu wa pili hadi vipindi 18 vya 2017, tamthilia iliporejea. Tazameni filamu kwanza. Bila hiyo hamtajua pete ya kijani imetoka wapi wala Phillip Jeffries ni nani. Na Leland anapotokea tena 2017, kwa dakika chache tu, akimwambia Cooper amtafute Laura, mtamsikiliza mkiwa mmeshaiona ile meza. Filamu hiyo msiitazame mbele ya watoto.