"Mganda Amechukua Kazi ya Kaka Yangu"

Kauli hiyo ilitoka kwa mpwa wangu, binti wa kidato cha tatu, tukinywa chai kwa dada yangu mjini Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Kaka yake alikuwa akihudumu katika hoteli moja hapo mjini, hadi tajiri alipomwandika kijana kutoka ng'ambo ya mpaka aliyekubali mshahara mdogo. Mvulana wa jirani, wa miaka 16, akaweka kikombe chini. Mama yake ni mzaliwa wa Tororo, Uganda. "Kwa hiyo mamangu naye arudishwe?" Hakuna aliyemjibu. Chapati zikapoa.

Mvulana ana hoja nzito. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 14, inampa mtoto uraia hata kwa mzazi mmoja tu Mkenya. Historia nayo iko upande wake: hadi 1902 Kisumu na Nakuru zilihesabiwa kuwa Uganda, kisha Waingereza wakausogeza mpaka, watu wakabaki walipo. Wasamia na Wateso wako pande zote mbili na bado wanaoana na kuzikana. Hata bodaboda ilizaliwa hapa, baiskeli zikivusha abiria kutoka mpaka hadi mpaka.

Lakini hadithi ya 1902 haimrudishii mtu mshahara. Hasira ya mpwa wangu naijua, maana huyo kaka yake hunipigia simu mimi akiishiwa. Kijana aliyemaliza shule na kukaa nyumbani si mbaguzi kwa kuuliza kwa nini yeye ndiye aliyeachwa.

Ninapoachana na binti ni kwa huyo anayemlaumu. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayotumika tangu Julai 2010, inakataza kumbagua mfanyakazi katika malipo kwa sababu ya uraia wake. Yule mhudumu mgeni ni rahisi kumlipa kidogo kwa kuwa, akiwa hana kibali cha kazi, hathubutu kwenda kushtaki popote. Ukizidi kumwinda, ndivyo atakavyozidi kuwa rahisi kulipwa kidogo. Na wazee wa huku magharibi wanakumbuka 1970, Rais Obote wa Uganda alipowafukuza maelfu ya wafanyakazi Wakenya kwa madai yaleyale, kwamba wanakula kazi za wenyeji.

Nilipowaeleza hayo, binti akanyamaza kidogo. "Sasa niende nikamuulize tajiri?"

"Tangu uanze kuongea," mvulana akamwambia, "huyo hujamlaumu hata mara moja."

Akachukua chapati, akaikata vipande viwili, kimoja akamsogezea.